Siku Nilizokopa Mutuini

Walisema sitaweza. Walisema kwa Kikuyu, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza cha ofisini, na mmoja wao alisema kwa kucheka tu, mpaka akashindwa kumaliza chai yake. Huyo aliyecheka alikuwa karani wa reli, mtu wa magharibi, jirani yangu katika nyumba ya vyumba vya kupanga pale River Road nilikofikia niliporudi kutoka Amerika.

"Yaani, omwami," alianza. Hilo ni neno la kwao la kumwita mtu mkubwa, naye alinipa kwa kejeli tangu siku aliyoniona nikipiga pasi tai. "Unataka watu wakupe pesa, ukusanye maprofesa mahali pamoja siku tatu, waangalie picha za vikapu?"

"Vikapu, mablanketi, vinyago na michoro," nikamjibu. "Sanaa za Amerika, na za wenyeji wa asili wa nchi ile. Halafu zetu kando yake."

"Na wewe una nini? Digrii?"

"Diploma."

Hapo ndipo chai ilipomwagika.

Diploma hiyo ninayo hadi leo. Imetundikwa sebuleni kwangu, kwenye fremu ya mvule, na mgeni akiketi kiti chochote ataiona; viti nilivipanga mwenyewe nikikusudia hivyo. Sikuipata kwa kupewa. Niliondoka Nairobi na sanduku moja na koti la kuazimwa, nikaosha sufuria katika jiko la chuo, nikazoa theluji kwa koleo mbele ya nyumba za watu, na mwaka wa pili nikapata kazi katika jumba dogo la makumbusho, kaskazini-magharibi mwa Amerika, upande wenye mvua nyingi. Kazi ilikuwa kupangusa vumbi. Nilipangusa vikapu na mifuko iliyosukwa na wanawake wa watu waliokuwa katika nchi ile kabla Mzungu hajafika. Siku ya kwanza nilipoushika mfuko mmoja, mkono wangu uliutambua kabla ya macho. Kilikuwa kiondo, mfuko wa kusukwa wa Kikuyu. Nyuzi zilikuwa za mmea mwingine, rangi nyingine, lakini namna uzi ulivyoshikwa na uzi ni ile ile niliyoiona magotini mwa mama yangu, kijijini kwetu Mutuini.

Pale pale nikaapa kwamba siku moja nitawaketisha wajuzi wa mifuko ile na wajuzi wa viondo chumba kimoja, na chumba hicho kitakuwa Nairobi. Watu huapa mengi wakiwa ugenini. Mimi nilitimiza.

Nairobi niliyoirudia mwanzoni mwa miaka ya sabini, wacha niseme ukweli, ilinifaa kama suti ya kupimwa. Ungetoka River Road asubuhi ukiwa umevaa vizuri, viatu vinang'aa, ukapita kwenye maduka ya misumari na mabati, ukasikia mashine za wapiga chapa zikigonga ndani ya vyumba vya nyuma, na kabla jasho halijakutoka umefika katikati ya mji penye benki na maduka ya vitabu. Jakaranda zikichanua, barabara iligeuka zambarau na wafagiaji wakalalamika. Mtu mwenye faili kwapani alisalimiwa. Mimi nilitembea na faili hata siku ambazo halikuwa na kitu.

Shirika la ufadhili nililoliendea lilikuwa na ofisi Upper Hill. Siku hizo huko juu hakukuwa na maghorofa ya vioo; kulikuwa na nyumba za zamani za mawe, zenye veranda, waridi na mbwa wanaolala. Aliyenipokea alikuwa mama mmoja Mmarekani mwenye nywele nyeupe na miwani iliyofungwa uzi shingoni. Alisoma maombi yangu, kurasa kumi na moja nilizozipiga chapa mwenyewe kwa vidole vyote kumi, kisha akavua miwani.

"Ni wazo zuri," alisema. "Nani mwingine analiamini, mbali na wewe?"

Nilifungua faili langu nikatafuta jina jingine. Humo mlikuwa na langu tu.

Akanieleza masharti. Shirika lingetoa nusu ya gharama, na nusu nyingine ilipaswa kutoka kwa wananchi wenyewe, fedha au kazi, mradi iandikwe na itiwe sahihi. Tena ile nusu yao wangeilipa baada ya mkutano, mimi nikishaonyesha kwamba nusu yetu ilitumika kweli. Kwa maneno mengine, nilipaswa kuoa kwanza, ndipo nipewe pesa za mahari.

Nilishuka kilima kile kwa miguu nikipiga hesabu. Chapa ya ratiba na makala ingehitaji mkopo. Kukodi ukumbi kungehitaji fedha taslimu. Lakini mzigo mkubwa kuliko yote ulikuwa chakula na huduma ya wageni kwa siku tatu, kwa bei za hoteli za mjini. Huo ulinilemea.

Nilianza na mpiga chapa, Mhindi mmoja mzee wa River Road aliyevaa aproni iliyokuwa nyeusi kwa wino tangu kabla ya uhuru. Alisoma kichwa cha makala ya kwanza kwa sauti.

"Wahindi wa Amerika," akasema. "Bwana, sisi tuko huku. Mbona hujaalika mimi?"

"Umealikwa, mzee. Ukinichapia kwa mkopo utakaa mstari wa mbele."

"Mstari wa mbele hapana. Mimi nataka kukaa karibu na mlango, ukikimbia nikuone." Lakini alichapa.

Wa pili alikuwa yule karani aliyemwaga chai. Alikuwa na akiba ya kununua mabati ya nyumba ya mama yake huko magharibi. Sikumwomba, yeye mwenyewe alibisha mlangoni kwangu Jumapili moja baada ya kanisa, akaweka bahasha mezani.

"Mvua haijaanza kwetu," akasema. "Nakukopesha nipate kukuona ukianguka kwa karibu. Wa mbali hawaoni vizuri."

Hivyo ndivyo watu walivyokuwa wakipendana River Road.

Ikabaki huduma ya wageni, nami nikachukua basi kwenda Mutuini.

Mama yangu alikuwa mjane aliyelima ekari moja na nusu: mahindi, maharagwe, viazi, na nduma, yaani magimbi, kule chini karibu na kijito. Nyumba ya tatu kutoka kwake aliishi dada yake, mama yangu mdogo. Mimi nimepewa jina la baba yao, kama ilivyo desturi yetu, na kwa hiyo mama mdogo hakuniita mwanangu. Aliniita Baba, hata nilipokuwa mtoto anayelia kwa kuchomwa na mwiba, na hakuna ajuaye kumkaripia mtu kama mwanamke anayekuita Baba. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa kundi la wanawake waliolimiana kwa zamu, kazi tunayoiita ngwatio: leo wote wako kwako, keshokutwa wote wako kwangu. Walikuwa kumi na watatu pamoja na mama yangu. Bila wao, mama asingemaliza hata nusu ekari kabla ya mvua.

Niliwakuta wakipumzika kwenye ukingo wa shamba, majembe yamelazwa. Nilisimama mbele yao na suti yangu ya kijivu nikawaeleza juu ya wanawake wa ng'ambo ya bahari wanaosuka kama wao, juu ya maprofesa watakaokuja, na juu ya chakula. Niliomba wanawake kumi na wawili, siku tatu. Wangepika, wangewahudumia wageni, na wangekaa na viondo vyao wakisuka ili wageni waone. Mama nilimwacha nje ya hesabu, kwani mtu hakopi kwa mama yake.

"Unatuomba tukupe siku zetu, Baba?" mama mdogo aliuliza.

Na hapo kiburi changu kikanisemea. Ningesema ndiyo, mambo yangekwisha. Lakini mtu aliyetoka Amerika na diploma ataombaje akina mama waliokanyaga udongo?

"Mimi siombi," nikasema, nikinyoosha kola. "Mimi nakopa. Kila siku mtakayonipa nitairudisha."

Wakatazamana. Mmoja akafunika mdomo kwa khanga. Mama yangu alinikazia macho kwa namna ambayo sikuielewa wakati ule.

"Kila siku," mama mdogo alirudia polepole.

"Kila siku."

"Mmesikia wenyewe," akawaambia wenzake. Nikatoa karatasi yangu, nikaandika siku thelathini na sita, nao wakaweka dole gumba mmoja mmoja kwenye wino wa zambarau niliokuja nao. Kwa upande wangu, neno kukopa lilikuwa pambo la hotuba. Nilidhani nitawanunulia sukari na majani ya chai, na tumemalizana.

Mkutano ulifanyika katika ukumbi wa jumuiya katikati ya mji. Walikuja wahadhiri, wachoraji, walimu wa sanaa, na maprofesa wawili kutoka Amerika, mmoja wao mtu mrefu aliyekuwa bingwa wa vikapu vya kaskazini-magharibi. Mpiga chapa alikuja kweli akakaa karibu na mlango. Wanawake wa Mutuini walifika na basi la kwanza wakiwa na sufuria, mizigo ya viazi na ndizi, na viondo vilivyosukwa nusu. Walipika mukimo wa viazi na ndizi za kupondwa, ambao mgeni mmoja alikula sahani tatu akauliza kama unaweza kusafirishwa. Mimi nilisimama jukwaani nikafungua mkutano kwa hotuba ambayo, kwa maoni ya wengi waliokuwapo, haikuwa ndefu.

Siku ya kwanza ikapita vizuri, lakini siku ya pili yule mama wa Upper Hill aliniita kando.

"Wanawake hawa," alisema, "naona wanafanya kazi sana. Lakini kupika si mchango wa kitaalamu. Wenzangu ofisini watauliza kwa nini tuihesabu kazi ya jikoni katika mkutano wa wasomi. Sina uhakika nitawajibu nini."

Asipozihesabu siku thelathini na sita, nusu yetu haijatimia. Nusu yetu isipotimia, yao hailipwi, na pesa za mabati ya karani zimo katika kodi ya ukumbi.

Alasiri ile profesa mrefu alikuwa akionyesha picha kwa projekta, ukutani, madirisha yamefunikwa kwa mablanketi. Wanawake walikuwa wameketi nyuma kabisa, mikono ikisuka gizani kama kawaida, kwa sababu mikono hiyo haihitaji taa. Ikaja picha ya mfuko mmoja mkubwa wenye mistari ya kahawia. Profesa akaanza kueleza. Nyuma nikasikia minong'ono, kisha mama mdogo akaniita kwa sauti ya shambani.

"Baba! Muulize huyo mzee, aliyesuka huo anatumia mkono wa kushoto?"

Watu wakageuka. Nilitamani sakafu ifunguke, lakini nikatafsiri. Profesa akatabasamu kwa upole.

"Hapana. Nilikaa na mwanamke huyo siku nyingi akiusuka. Alitumia mkono wa kulia, kama wenzake wote."

Nikamrudishia mama mdogo jibu hilo. Hakutikisika. Alisimama, akasogea penye projekta, akainua kiondo chake kwenye mwanga wake, kivuli chake kikatanda juu ya ule mfuko.

"Basi picha yake imegeuzwa," akasema. "Tazama uzi unavyolala. Wa kulia hulala huku. Ule umelala kule. Mtu hasuki hivyo ila awe wa kushoto, au mtazamaji awe ndani ya mfuko."

Wanawake wakacheka. Profesa hakucheka. Aliondoka mbele, akaenda kwenye projekta, akaichomoa slaidi, akainua blanketi moja, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa imepachikwa nyuma mbele. Akaipachika upya, na mistari yote ukutani ikalala upande ule ule wa uzi wa kiondo cha mama mdogo. Ukumbi mzima ulipiga makofi. Profesa akaiweka karatasi yake mezani, akamwomba mama mdogo aje mbele, na saa nzima iliyofuata alikuwa akimuuliza maswali, mimi nikitafsiri kati yao, jasho likinitiririka kwa furaha.

Aliyepachika slaidi ile vibaya nalijua jina lake. Alikuwa mtu mwenye diploma. Lakini nasema hadi leo kwamba kama ningeipachika sawasawa, mambo yasingekwenda vizuri kama yalivyokwenda, na kwa hiyo sioni kosa.

Yule mama wa Upper Hill alikuwa ameandika ukurasa mzima. Siku ya tatu, wageni wakiagana, aliichukua karatasi yangu yenye alama za dole gumba, akaweka sahihi chini yake.

"Sasa najua nitawajibu nini," alisema.

Hundi ilipopita benki, sikungoja hata chakula cha mchana. Nilikwenda kwa mpiga chapa nikamhesabia noti juu ya meza yake yenye wino. Alizihesabu mara mbili, akanipa chai. Jioni nikaiweka bahasha mezani kwa karani wa reli, na juu yake nikaongeza misumari ya mabati, pakiti mbili.

"Omwami," alisema, na mara hii kejeli ilikuwa ndogo. "Mimi ulininyima onyesho. Sikukuona ukianguka."

"Ulikaa karibu bure."

Jumamosi nikaenda Mutuini na sukari kilo nyingi, majani ya chai, na noti mpya katika bahasha kumi na mbili. Niliwapata shambani kwa mmoja wao. Mama mdogo alipokea sukari. Bahasha hakuzigusa.

"Hizi za nini?"

"Za siku zenu. Nimehesabu kwa bei ya kibarua, tena nimeongeza."

"Tulikukopesha pesa, Baba?"

"Mlinikopesha siku."

"Ehe. Tunangoja siku."

Nilicheka. Nilicheka peke yangu. Mama yangu alikuwa akitazama chini, anafuta udongo kwenye jembe ambalo lilikuwa safi.

Juma lililofuata niliajiri vibarua wawili wenye nguvu nikawatuma. Wanawake waliwapa chai na viazi, wakawarudisha na salamu kwamba hawakuwakopesha watu wale na hawawadai kitu. Ndipo mama aliponiketisha jikoni.

"Wewe ulisema unakopa," aliniambia. "Mimi ndiye ninayekaa nao. Usiporudisha, hakuna atakayekuja kwangu, na hawatafanya hivyo kwa ubaya. Ndivyo ilivyo. Ngwatio haina pesa. Ingekuwa na pesa, mjane angekuwa na nini?" Akanionyesha dirishani. Mahindi ya jirani yalikuwa yamepaliliwa. Yake yalikuwa kwenye magugu, na mvua ilikuwa inaendelea.

Nilirudi mjini nikanunua buti za mpira.

Wakati huo nilikuwa nimepata kazi nzuri, mtunzaji wa maonyesho, ofisi yenye jina langu mlangoni. Jumatatu hadi Ijumaa nilivaa tai. Jumamosi nilipanda basi la kwanza nikiwa na jembe langu, nimelifunga gazeti kwenye makali, na kushuka Mutuini penye matope mekundu. Nililima kwa mmoja, nikapalilia kwa wa pili, nikabeba samadi kwa wa tatu, nikakata majani ya ng'ombe kwa wa nne. Watoto wa shule waliimba, "Diploma inalima!" na wazee wakasimama njiani kuona kama ni kweli. Wiki ya kwanza viganja vilichubuka nikashindwa kushika kalamu Jumatatu. Wiki ya kumi hakukuwa na mwanaume kijijini aliyenipita kwa mstari mmoja, na hilo si mimi ninayelisema, lilisemwa na mwenye duka. Mama mdogo aliweka kamba ya mkonge yenye vifundo thelathini na sita kwenye msumari wa mlango wake. Kila Jumamosi jioni alifungua kimoja. Aliponiona nikifika saa mbili asubuhi badala ya saa moja, hakufungua.

Nayakumbuka mashamba yale sasa kuliko nilivyoikumbuka Amerika siku yoyote. Harufu ya udongo uliogeuzwa. Uji uliochacha kidogo kwenye kibuyu kilichopitishwa mkono kwa mkono. Wanawake wakisengenya waume zao mbele yangu kana kwamba mimi ni mti. Leo sehemu kubwa ya pale ni nyumba za kupangisha, na vijana wanaozijenga hawajui kwamba chini ya misingi yao kuna matuta niliyoyachimba mimi.

Siku ya thelathini na sita ilikuwa shambani kwa mama mdogo mwenyewe. Siku yake ya tatu alikuwa ameiweka mwisho. Nilichimba viazi tangu asubuhi. Karani wa reli alikuja kutoka mjini kushuhudia, akakaa ukingoni na kofia yake, akala viazi vya kuchoma na hakuinua hata kimoja kunisaidia. Jua lilipoegemea vilima vya Ngong nilifika mwisho wa mstari wa mwisho, nikalisimika jembe.

Mama mdogo alitembea mstari mzima akitazama kama kuna kiazi kilichobaki ardhini. Akakipata kimoja. Akakiinua, akanitupia, nikakidaka.

"Mmarekani," akasema. Kisha akaitoa kamba kwenye mfuko wa aproni, akafungua kifundo cha mwisho kwa meno, kwa sababu vidole vyake vilikuwa na udongo, akainyoosha ikawa kamba tu.

"Jumanne tuko kwa mama yako, Baba. Sote. Mwambie achemshe chai ya kutosha."

Nilipita kwa mama nikiwa na matope hadi magotini, nikamwambia. Alichukua sufuria kubwa kutoka juu ya kabati, ile ya sherehe, akaanza kuipangusa.